Namba moja niliyoiandika kwa haraka

Kashi yangu ya kwanza kuficha niliipa moja upande wa njia. Hiyo moja niliiandika bila kufikiria hata sekunde kumi, nikabonyeza tuma nikaenda zangu kupika, na ndo ilokuja kunifundisha huu mchezo kuliko makopo mia mbili na kitu niliyokuwa nshayapata kabla yake. Nataka niisimulie yote, ila najua wengi wa kwetu hata hawajui naongelea nini, kwa hiyo ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mchezo wenyewe unaitwa jiokashi. Mtu anachukua kopo au boksi lisilopitisha maji, ndani anaweka kidaftari na penseli na vitu vidogovidogo, analificha mahali, anachukua koodinati za pale kwa GPS, zile namba za latitudo na longitudo, anaziweka kwenye programu kila mtu azione. Mwingine asiyemjua kabisa anazifuata na simu yake mpaka pale, anatafuta, akilipata anaandika jina lake la mchezoni na tarehe, halafu analirudisha palepale kama alivyolikuta ili na mwingine aje. Hilo boksi ndo kashi. Ukichukua kitu ndani unaacha kingine chenye thamani hiyohiyo au zaidi. Basi, hakuna pesa, hakuna kombe.

Mimi naishi Plymouth, kusini magharibi mwa Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwetu Tanga. Mwanangu alinifuata huku akiwa na miaka saba na mwaka wake wa kwanza ulikuwa mgumu kwa kweli, baridi hataki, kutembea hataki, akitoka shule ni kitandani na tableti mpaka usiku. Sasa kazini nilikuwa na dada mmoja wa Mombasa, siku moja akaniambia Jumamosi mlete mtoto twende porini tukatafute kopo. Nikajua ananitania. Akasema njoo tu, vaa buti.

Tukaenda Burrator, kuna bwawa kubwa la maji pale na msitu kulizunguka. Dada akampa mwanangu simu, akamwambia huo mshale unakupeleka, sisi tunakufuata wewe. We, yule mtoto alitembea kilomita nne bila kuuliza tunafika saa ngapi. Mshale ukasema mita nane, halafu mita tatu, halafu mita kumi na mbili, ukaanza kuzungukazunguka, na dada akasema sasa weka simu mfukoni hapo haikusaidii tena, tumia macho. Akatafuta kama dakika ishirini. Ilikuwa kwenye shimo la mzizi wa mti, imefunikwa na gome la mti lililowekwa upande usio wake, na alivyoitoa alipiga kelele mpaka mbwa wa watu wakabweka. Ndani kulikuwa na kidaftari kina majina ya watu wa miaka na miaka, kigari, kifungo, sarafu ya nchi nyingine. Alichukua kigari akaacha shanga aliyotoka nayo nyumbani. Usiku ule alilala bila kuwasha tableti.

Nilivyokuwa mdogo tulicheza sana kombolela, na mwanzoni nilidhani hiki ni kombolela cha watu wazima, baadaye nikaona hapana. Kwenye kombolela aliyejificha hataki kabisa uone, akikuwahi kwenye kopo umekwisha. Huku aliyeficha anataka umpate, ila sio upesi. Kiko karibu zaidi na kitendawili. Mtu akisema kitendawili unajibu tega, anatega, na raha yake yeye ni wewe ukae uumize kichwa kidogo halafu ghafla uso ukunjuke, sio wewe ushindwe mpaka uchukie. Na ukishindwa unampa mji, mnaendelea. Hilo la kutoa mji nitalirudia maana huku watu wanalionea aibu na wanaharibu.

Nilikuja kujua pia kwamba nimeangukia mahali penyewe. Pale juu ya Plymouth kuna nyika kubwa inaitwa Dartmoor, vilima vya graniti, tope linalomeza buti, farasi wadogo wanazurura, na kule watu walikuwa wanafichiana vitu kabla ya satelaiti zozote. Mwaka 1854 mwongoza wageni mmoja, James Perrott wa kijiji cha Chagford, aliweka chupa mahali panaitwa Cranmere Pool, katikati ya lile tope ambako kufika ilikuwa shughuli, ili anayefika aache kadi yake humo kama ushahidi kwamba alifika. Ikatoka hapo, yakaja maboksi na mihuri ya mpira na madaftari, na mpaka leo kuna wazee wa huku wanatembea na muhuri wao mfukoni wakitafuta maboksi ya namna hiyo kwenye mawe. Satelaiti zilikuja kuongezea tu. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilizima ile hitilafu iliyokuwa ikiwekwa makusudi kwenye mawimbi ya GPS wanayotumia raia, kabla ya hapo kifaa cha kawaida kiliweza kukupotosha hata mita 100, na kesho yake tu, tarehe 3, bwana anaitwa Dave Ulmer akaenda porini karibu na Beavercreek, Oregon, akaacha ndoo, ndani ina vitabu, kombeo, kopo la maharage na vinginevyo, akatangaza koodinati kwenye intaneti akisema chukua kitu, acha kitu, andika daftarini. Siku chache watu wakaiona. Nikimwambia mwanangu kwamba mchezo wote umeanza na ndoo na kopo la maharage anafurahi kila mara kama hajawahi kusikia.

Sasa namba. Kila kashi ina namba mbili, kila moja inaanzia 1 mpaka 5 kwa kupanda nusunusu. Ya kwanza ni ugumu wa kutafuta, ya pili ni ugumu wa njia. Ugumu 1 ukifika unaiona ndani ya dakika chache, ugumu 5 unaweza kwenda mara tatu ukarudi mikono mitupu, au kuna fumbo la kufumbua nyumbani siku kadhaa ndo upate koodinati zenyewe. Njia 5 inataka vifaa, boti, kamba ya kupandia, mtungi wa kuzamia. Na njia 1, hii ishikeni, maana yake mtu mwenye wilchea anafika na anaishika kashi kwa mkono wake. Kuna saizi nazo, kutoka vile vidogo sana vya sumaku sawa na ncha ya kidole mpaka ndoo za lita ishirini na zaidi.

Mi mwanzoni hizo namba nilizichukulia kama mapambo. Unaangalia haraka, unaenda. Halafu ukishatembea sana unagundua namba ndo mazungumzo pekee mnayofanya na aliyeficha kabla hujatoka nyumbani. Kwa hizo namba naamua kama namchukua mtoto au namuacha, kama naenda baada ya shifti ya usiku au nasubiri siku ya ofu, kama natia buti au raba. Akinidanganya, hata bila kukusudia, amenipotezea siku ambayo nimeitafuta wiki tatu.

Na wengi hawakusudii. Wanaopunguza namba mara nyingi ni kwa sababu wanajua iko wapi! Umeficha mwenyewe, ukirudi pale jicho linaenda moja kwa moja, unaona mbona iko wazi jamani hata mtoto ataiona, unaandika ugumu 1.5, kumbe mgeni anaona mawe mia tatu yanayofanana. Upande wa njia ndo mbaya zaidi maana kila mtu anapima kwa miguu yake mwenyewe. Kijana anayekimbia mlimani kila Jumapili anaandika 2, mimi nafika nimeishiwa pumzi nashika magoti. Kuna dada mmoja mzoefu sana kwenye mkutano wa wachezaji aliniambia yeye haandiki namba kabla hajampeleka mtu mwingine pale, anamsimamisha kwenye koodinati, yeye anakaa mbali kimya na saa. Dakika alizotumia yule mtu ndo zinampa namba. Nimemuiga tangu hapo, ila baada ya kosa langu sio kabla.

Kuhusu kutafuta wenyewe siwezi kufundisha sana, mkono unazoea. Nilichojifunza ni kwamba chini ya miti na kwenye mabonde simu inakosea mita tano, kumi, kwa hiyo ukibakiza kama kumi acha kuifuata. Simama. Jiulize ningekuwa mimi ningeweka wapi ili mtu anayepita na mbwa asione? Tafuta kitu ambacho hakijakaa kama vingine, vijiti vilivyopangwa sambamba, maana msituni vijiti havijipangi, jiwe ambalo moss yake, ule ukoga wa kijani, iko chini badala ya juu, bolti moja mpya kwenye daraja la zamani. Vaa glavu, kuna majani huku yanawasha kama upupu. Na soma ripoti za waliotangulia, mtu akiandika "leo nimeinama sana" ashakuambia kitu.

Lile la kutoa mji. Siku moja tulipanda Pew Tor, hivi vilima vya mawe vya Dartmoor wanaviita tor, ukungu umeshuka, tukatafuta saa moja na dakika arobaini, mtoto amelowa, mimi nimelowa, kila ufa wa jiwe nimetia mkono. Hakuna. Nikaona aibu kuandika kwamba sikuipata, ugumu ilikuwa 2 tu, nikanyamaza. Wiki mbili baadaye dada wa Mombasa akaenda na yeye akakosa, akaandika, na mwenye kashi akaenda kuangalia akakuta haipo kabisa, imeondoka kitambo. Kumbe kabla yangu watu wawili walikosa nao wakanyamaza kama mimi! Tungesema tu, angalau familia mbili tatu zisingepanda kule bure kwenye ule ukungu. Siku hizi naandika kila nikikosa, na naandika nimetafuta muda gani na wapi, maana mwenye kashi yuko nyumbani na hilo ndo jicho lake.

Kuna suala la kusifia. Wanaolipia uanachama wanapewa alama moja ya kupenda kwa kila kashi kumi walizopata, wanampa wanayeona anastahili, kwa hiyo ukiona kashi ina alama nyingi ujue watu wameguswa. Watu wanabishana sana nini kinastahili. Kuna wanaopenda ufundi, na mafundi wapo kweli, nimeshaona jiwe la bandia lina mlango, nimeona boksi linalofunguka kwa kumwagia maji mpaka kiboya kipande juu, na mwanangu kwa hayo ndo anamaliza alama zetu zote. Mimi alama zangu naziweka kwa mahali. Kashi niliyoipenda kuliko zote mpaka leo ni lanchiboksi tu ya plastiki nyuma ya jiwe, hata haikufichwa kwa akili sana, lakini nilivyoinua kichwa baada ya kuandika jina niliona bahari ya Plymouth mbali kule chini inang'aa na meli moja imesimama, na nilikaa pale nusu saa nikawaza Tanga, Raskazone, maji ya jioni. Yule mtu hanijui. Alitembea akapata mahali anapopapenda, akasema mwingine naye apaone. Hilo kwangu ndo jiokashi.

Ndo maana nilikuwa nazidharau zile za pakingi. Ziko nyingi, kidude cha sumaku nyuma ya kibao cha supamaketi, chini ya kiti cha kituo cha basi, unashuka garini unachukua unasaini unaondoka, dakika moja na nusu, mbele yako matoroli. Nilisema waziwazi mbele za watu, kwamba hizi zinajaza ramani tu. Na kweli zinajaza maana sheria ni kashi na kashi zipishane mita 161 angalau, kwa hiyo moja ya hovyo inaweza kuziba mahali pazuri. Nilikuwa na uhakika kabisa na hilo.

Sasa nirudi kwenye moja yangu.

Mwaka wa tatu nikaamua na mimi nifiche. Nilipata kipande cha msitu karibu na ninapokaa, kina njia pana ya kokoto, tambarare, kijito kinapita, nikaomba ruhusa kwa wenye eneo, ikachukua wiki tano, wakakubali. Nikanunua boksi zuri lile la klipu nne lenye mpira mweusi ndani, maana adui mkubwa wa kashi huku ni maji, kidaftari kikilowa kimekuwa uji na hakuna anayetaka kushika. Nikaweka penseli sio kalamu, kalamu inaganda kwenye baridi. Sikuweka chakula, wanyama wananusa wanatafuna plastiki. Juu nikabandika maandishi makubwa kwamba hii ni kashi ya mchezo, haina madhara, na namna ya kuwasiliana, na hili jamani msilifanyie mzaha, mwaka 2011 mji wa Wetherby huku Uingereza polisi walifunga mtaa na wataalamu wa mabomu wakalipua kiboksi kwa kudhani ni bomu kumbe ni kashi. Sikuchimba, kuchimba ni marufuku, sikupiga msumari kwenye mti. Nikachukua koodinati mara sita siku mbili tofauti nikija kutoka pande tofauti nikatafuta wastani. Nikaiweka kwenye pango dogo la kisiki, nikajaza fomu. Ugumu 2. Njia 1, maana njia ni tambarare, hakuna kupanda, mtoto wa miaka miwili anafika. Mkaguzi wa kujitolea akaipitisha.

Wiki ya kwanza ilikuwa kama Idi. Watu saba! Mwanangu anasoma ripoti kwa sauti, mama huyu kasema pazuri, mama huyu kaona ndege mdogo wa bluu kijitoni.

Siku ya kumi na moja saa tatu usiku ikaingia ripoti ya nane. Ilikuwa fupi. Ilisema nimekuja kwa mabasi mawili kwa sababu imeandikwa njia 1. Kuna geti. Wilchea yangu haipiti kwenye geti hilo. Naomba ubadilishe namba.

Nilikaa nayo mkononi. Geti! Lile geti la kuingilia, lile la kuzunguka ndani ya kizizi kidogo mtu mmojammoja ili ng'ombe wasipite. Nilikuwa nimepita pale labda mara kumi na tano na sijawahi kuliona kama kitu. Na kilichoniuma zaidi, mimi kazi yangu ni kusukuma hivyo viti. Kutwa nzima. Najua upana wa mlango ambao kiti kinapita, najua kizingiti cha sentimita mbili kinavyomrusha bibi wa watu, nagombana na wafanyakazi wapya kuhusu hilo hilo. Halafu nikavua yunifomu nikaenda msituni na miguu yangu nikasahau kila kitu. Mtu amepanda mabasi mawili. Amefika getini, labda anasikia kijito, na kashi iko mita mia na ishirini mbele.

Usiku uleule nikabadilisha nikaweka 2, nikaandika na maelezo ya geti. Ningeweza kuishia hapo, programu ilikuwa imesharidhika. Lakini sikulala vizuri, asubuhi nikamwandikia, nikamwomba radhi bila kujieleza sana, nikamwambia kazi yangu ni nini pia, nikamuuliza kama ataniruhusu nifiche nyingine na yeye anisaidie ili iwe moja ya kweli. Alijibu jioni. Akasema tukutane Plymbridge, Jumatano, njia ya reli ya zamani.

Hiyo njia ni lami, treni zilikuwa zinapita zamani, sasa ni ya baiskeli na waenda kwa miguu, inafuata mto Plym katikati ya msitu na inapita juu ya madaraja marefu. Kwenye daraja moja wanaita Cann Viaduct, majira ya kuchipua watu wa kujitolea wamekuwa wakikaa na darubini kulinda kiota cha ndege aitwaye kozi kwenye machimbo ya mawe pale chini. Aliyeandika ile ripoti kumbe ni mzee, alikuwa amekuja mapema. Umri kama sitini na tano, kofia ya sufi, GPS yake ya mkononi ya zamani imefungwa kwa kamba kwenye mkono wa kiti. Amepata zaidi ya kashi elfu mbili. Nikashangaa, nikamuuliza zote hizo wapi? Akasema nyingi ni za pakingi.

Nikanyamaza.

Akasema baada ya ajali miaka minne alikuwa hafanyi kingine, gari inasimama, mkewe anamshusha, au anafungua dirisha ananyoosha mkono. Vituo vya basi. Vibao vya supamaketi. Kila mtu anazitukana, akasema, lakini mimi zile ndo zilinitoa nyumbani. Hakusema kwa uchungu, alikuwa anaangalia mto. Mi nilikuwa nakumbuka nilivyoongea mbele za watu. Bado sizipendi zile za pakingi, nisidanganye, ila sijawahi kuzisema tena, na nikiikuta moja imelowa kidaftari natoa kipya kwenye begi naweka.

Halafu akanifundisha. Njia kuwa tambarare haitoshi. Kuna pakingi ya kushushia mtu? Kokoto zikiwa nene magurudumu yanazama. Mteremko wa pembeni, ule ambao mtu wa miguu hauoni, unavuta kiti kuelekea mtaroni. Na ukishafika kila kitu kiko sawa, kashi yenyewe iko wapi? Chini kwenye kisiki, kama yangu? Basi hata pasingekuwa na geti nisingeishika. Akaniambia kitu rahisi kabisa, chukua kiti cha jikoni kwako, uje nacho hapa, kaa, usiinuke, uone mkono wako unafika wapi.

Jumamosi nikaenda na kiti cha plastiki begani na mwanangu nyuma yangu na daftari. Watu wa baiskeli wanatuangalia, mmoja akauliza kama tuko salama. Nikakaa pembezoni mwa lami kila baada ya mita hamsini, nikanyoosha mkono kulia, kushoto, mbele, mwanangu anapima na futi anaandika. Kwa mkono wangu kuanzia gotini mpaka begani, na sio mbali na pembeni, zaidi ya hapo kiti kinataka kupinduka. Ukikaa dunia inabadilika kwa kweli. Vichaka ambavyo nikisimama naviona chini vinakuwa ukuta. Nguzo za uzio zinakuwa usawa wa macho. Na nikaona kitu ambacho nimepita mara nyingi sikukiona, nguzo moja nene ya mbao imepasuka kwa nyuma, ina uwazi wa kutosha kopo la saizi ndogo, na ukiwa umekaa pale mbele yako miti imeachia kidirisha unaona maji ya mto yanapiga jiwe.

Ruhusa ikachukua miezi miwili, wenye eneo walitaka kujua kama hatutasumbua ndege. Nikaiweka mwezi wa tisa. Ugumu 2.5, maana nilimpeleka dada wa Mombasa akatumia dakika kumi na nane. Njia 1. Hiyo moja niliiandika, nikatoka, nikarudi kuisoma, nikampigia mzee nikamuuliza ni moja? Akasema ni moja.

Nilivyokwenda Tanga likizo nilitaka nifiche na huko, nikaambiwa lazima awepo mtu wa kuitunza karibu, huwezi kuficha ukaondoka zako, na nikaona ni haki. Kaka yangu yupo angeweza. Lakini nikakaa nikafikiria, kopo limefungwa vizuri na kusukumwa ndani ya shina la mbuyu, na ndani kuna majina ya watu na tarehe, kwetu mtu akilikuta hatasema ni mchezo, atasema nani katufanyia hivi, na mtaa mzima hautalala. Sio ujinga huo, ni namna mahali panavyosomeka. Kwa hiyo nawaza aina nyingine, inaitwa EarthCache, yaani kashi ya ardhi, ilianza mwaka 2004 na Chama cha Jiolojia cha Marekani, hiyo haina boksi kabisa, unafika mahali unajifunza ardhi ilivyofanyika unajibu maswali. Mapango ya Amboni yale mawe yake ya chokaa yanatosha maswali ya mwaka mzima. Kaka ashaanza kuniulizia kwa wahusika. Na kwenye hiyo namba ya njia itabidi niende na kiti tena.

Juzi nilikwenda Plymbridge kubadilisha kidaftari kimejaa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, majani yamelala kwenye lami yamelowa, na kabla sijafika nguzoni nikaona mistari miwili ya magurudumu, inakuja sawasawa katikati ya njia, inapinda kulia, inasimama mbele ya nguzo yangu, inageuka hapohapo, inaendelea mbele kuelekea darajani. Nikafungua kopo. Sio jina la mzee, ni mtu mwingine, simjui, mwandiko wa kulala, tarehe ya siku ileile. Penseli ilikuwa imebaki fupi, nikaitoa nikaweka mpya.